Miwani ya uhalisia pepe kwa mtoto mwenye usonji: jibu kwa mama aliyeuliza kama aagize

Dada mleta uzi, hongera kwa malezi, najua si kazi ndogo. Umeuliza kama umruhusu kaka yako aliyeko Marekani akutumie miwani ya uhalisia pepe (VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha picha za kompyuta kana kwamba umo ndani yake) ili ajizoezee humo kijana wako wa miaka 9 mwenye usonji, ambaye hasalimii watu na akiona daladala anaziba masikio na kulia. Mimi ni mtu wa Tanga, ila nina miaka kadhaa nafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu kwenye darasa la watoto wenye usonji huku kaskazini mwa Uingereza, na hiyo miwani tunayo. Kwa kifupi: asitume. Sababu zangu ni hizi.

Umri kwanza. Meta, wanaouza miwani iitwayo Quest, walikuwa wanataka mtumiaji awe amefikisha miaka 13. Mwaka 2023 wakashusha hadi 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Kijana wako bado. Halafu kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na kuna wenye kifafa ambao picha za kumulikamulika huwaamshia degedege. Hata akifikisha 10, daktari wake aulizwe kabla.

Sasa hizo habari za mafanikio alizokutumia kaka yako. Zipo kweli, lakini ukizisoma kwa makini utaona nyingi hazihusu miwani. Watafiti wa hapa Newcastle walitumia chumba wanachokiita cha bluu: picha zinamulikwa ukutani kumzunguka mtoto, hakuna anachovaa kichwani, na mtaalamu anakaa naye humo humo akimfundisha kupumua na kutulia huku basi au duka likisogezwa karibu hatua kwa hatua. Ripoti yao ya 2014 ilikuwa ya wavulana 9 wenye hofu kali ya kitu fulani, mmoja wao hofu yake ni njiwa. Wanane waliweza kukabili kile walichokiogopa, na wanne kati yao hofu iliisha kabisa. Lakini baada ya chumba walipelekwa kwenye kitu chenyewe, huko nje. Hiyo sehemu ya mwisho wauzaji huwa hawaitaji.

Dallas, Texas, nako ni hivyo hivyo. Kule kwenye utafiti wao vijana walikaa mbele ya kompyuta ya kawaida wakiongoza mhusika wa katuni, na yule mhusika mwingine waliyezungumza naye alikuwa anaendeshwa na mtu aliyefunzwa. Kwa hiyo nyuma ya katuni kulikuwa na binadamu anayesikiliza na kubadilika kufuatana na mtoto. Programu ya kununua dukani haina mtu huyo.

Darasani kwetu miwani ilipokuja, kijana mmoja hakuivumilia kichwani hata kidogo. Uzito na ule mkanda vilimkera kama lebo ya shati inavyomkera. Mwingine aliipenda mno, ila ndani ya programu ya kujizoeza kununua dukani alikuwa anatazama taa za darini tu, kwa furaha kubwa. Sikuona ubaya. Wa tatu ndiye aliyenifundisha zaidi. Alijifunza kwenye miwani kuagiza chakula hadi akawa haachi neno. Tukaenda kantini. Mama wa jikoni, badala ya kusema ile sentensi ya kwenye programu, akamuuliza tu, "Haya kipenzi, leo?" Kijana akaganda, sahani mkononi, foleni nyuma yake. Alikuwa amejifunza programu. Kuagiza chakula kulikuwa bado.

Na huyo angalau programu ilizungumza lugha ya mtaani kwake. Wa kwako ataletewa masomo ya Marekani: mtazame mwenzako machoni, taja jina lako, uliza anapenda mchezo gani. Bibi yake hataki jina, anataka shikamoo. Tena kwetu mtoto akiinamisha macho mbele ya mkubwa wala haonekani ana kasoro, kwa hiyo usikubali mtu amlazimishe kutazamana. Wapo watu wazima wenye usonji wanaosema jambo hilo liliwatesa bure.

Kuhusu salamu nitasema wazi: nusu ya somo ni la ndugu. Damian Milton, msomi wa hapa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili, si upungufu wa mtoto peke yake. Kaa na bibi na wajomba, waambie kijana akipunga mkono au akigusa kiganja, hiyo ndiyo shikamoo yake kwa sasa, waitikie "marahaba" kama kawaida. Wakiacha kumwita mkaidi, utashangaa anavyolegea.

Daladala: chukua simu, ipige video kituoni kwenu, ukiishika usawa wa macho yake. Mlango, konda anagonga bodi, watu wanashuka. Aitazame nyumbani sauti ikiwa chini, na rimoti ya kuizima awe nayo yeye, yaani kidole chake kwenye simu. Siku nyingine ongeza sauti kidogo. Kisha ongea na konda mmoja mstaarabu (wapo), mwende saa tulivu gari likiwa limepaki halina watu, aguse kiti, akae, ashuke, basi kwa siku hiyo. Baadaye injini iwake. Baadaye kituo kimoja, na mshuke hata kama anaendelea vizuri, ili arudi nyumbani na kumbukumbu njema. Piga video na konda tofauti, gari tofauti, asije akafikiri daladala ni ile moja tu. Akikataa, rudi hatua moja, usimburute.

Kama kaka yako lazima atume kitu, mwambie atume vile vizuia kelele vya kuvaa masikioni, vya saizi ya mtoto, kama wanavyovaa mafundi wa mashine. Mtoto avizoee nyumbani kwanza, kwa dakika chache chache wakati anafanya kitu anachokipenda, kabla hamjaenda navyo kituoni.