Kustahimili joto na kulihitaji ni mambo mawili

Wewe unayeanza kazi ya maabara, kuna jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa: bakteria anayestahimili joto si lazima awe bakteria anayelihitaji.

Nililijua kwa kuharibu kazi. Nilichemsha chupa ya mchuzi wa kuoteshea bakteria kwa dakika 15, nikaridhika. Kesho yake mchuzi ulikuwa umetibuka. Seli hai zilikufa zote, ila spora zilibaki. Spora ni bakteria aliyejifungia: kiini chake kina maji kidogo sana, kimejaa kalsiamu iliyoshikana na asidi ya dipikoliniki, na DNA yake imefunikwa na protini ndogo zinazoilinda. Hali chochote, hakui, anangoja tu. Joto likishuka na chakula kikiwapo, anaamka. Ndiyo maana tunatumia otoklevu, mvuke wenye shinikizo wa nyuzijoto 121 kwa dakika 15 au zaidi, wala hatutegemei kuchemsha.

Bakteria Thermus aquaticus ni habari nyingine: huyu analihitaji joto. Thomas Brock na Hudson Freeze walimtangaza mwaka 1969, baada ya kumpata katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Hana spora. Hustawi kwenye nyuzijoto 70 hivi, na ukimweka kwenye joto la kawaida la chumba hakui kabisa. Protini zake zimejikunja kwa kubana na kushikiliwa na vifungo vingi vya chaji, na mafuta ya utando wake hayalegei ovyo. Kimeng'enya chake cha kunakili DNA ndicho kilichorahisisha PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mizunguko ya kupasha na kupoza, kwa sababu hakiharibiki kila mzunguko unapofika nyuzijoto 95. Ukimwotesha, funga sahani zako vizuri. Agari, ile jeli ya kuoteshea, hukauka upesi sana kwenye joto hilo.

Rekodi ya kukua kwenye joto kali zaidi, nyuzijoto 122, ni ya Methanopyrus kandleri, ambaye ni akea, kundi la viumbe wa seli moja walio tofauti na bakteria. Tafadhali usimwite bakteria kwenye ripoti yako.

Otoklevu nayo usiiamini kwa kutazama mshale wa kipimo peke yake. Weka ndani kichupa chenye spora za Geobacillus stearothermophilus, huyu anayestahimili na kupenda joto kwa pamoja, kisha kiatamishe kwenye nyuzijoto 55 hadi 60 pamoja na kingine ambacho hakikuingia. Spora zilizo hai hubadilisha rangi ya kichupa, kwa hiyo kile ambacho hakikuingia lazima kibadilike; rangi ikibadilika katika vyote viwili, spora hazikufa, na mzigo wote unarudi kwenye mashine.