Mlevi Hahesabu Chupa, Mwalimu

*Shangazi, mimi ni mwalimu hapa Nakuru, mama wa watoto watatu. Mume wangu ana shida ya pombe. Kila Jumamosi huenda kutazama mpira na hurudi akinuka bia. Siku hizi amekuwa mkali: huhesabu chupa kabatini, amechukua kadi yangu ya benki na amenikataza kuendesha gari nikiwa na watoto. Mama yake alihamia kwetu Agosti bila kualikwa, na sasa ndiye anayewapikia watoto. Mawazo yamenizidi hadi mikono hunitetemeka asubuhi. Nikionja kidogo ndipo natulia. Nasikia kuna vikundi vya walevi kusaidiana. Nimpeleke wapi?*

Pole, mwanangu. Hiyo mikono nitairudia, maana ndiyo iliyonitia hofu.

Nimemtafuta mlevi ndani ya barua yako nikamkosa, hadi niliporudia kuisoma nikaona ndiye aliyeshika kalamu. Tangu lini mlevi akahesabu chupa? Mlevi huzificha. Anayehesabu ni yule anayelala macho wazi akijiuliza karo itatoka wapi. Na mume hamnyang'anyi mwalimu kadi ya mshahara kwa sababu yeye mwenyewe amekunywa bia mbili za mpira. Alikuta nini kwenye akaunti? Hukusema. Agosti kulitokea nini? Hukusema pia, ila mama mzee hafungi virago akaacha shamba lake na kuku wake kwa kupenda jiko la mwenzake. Nyani haoni kundule, na wewe unalifundisha hilo darasani.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mumeo, na wa mama yake zaidi. Nyie wasichana wa siku hizi mnapenda kuniandikia habari za mama mkwe kana kwamba ni fisi aliyeingia zizini. Huyu wako anachemsha uji saa kumi na moja alfajiri ili watoto wako wafike shule wameshiba. Na kuna jambo lingine ambalo hatulisemi kwa sauti. Mwanamume akilewa, mke huambiwa avumilie, amwombee. Mke akilewa, hurudishwa kwao na godoro lake, na kijiji chote hujua kabla ya jua kutua. Wako amechukua kadi na kukukataza kuendesha gari ukiwa na watoto, akakuacha na kitanda chako na jina lako. Shukuru.

Sasa hicho kikundi. Alcoholics Anonymous, ambacho nadhani ndicho unachokisikia, hakipokei mtu wa kuburutwa. Sharti lake la uanachama ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Ada hakuna, na watu hutumia jina la kwanza pekee. Kilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson alikuwa huko safarini, biashara imeharibika, na baa ya hoteli inamwita. Akapiga simu kwa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, asije akanywa, ndipo akakutanishwa na daktari mmoja mpasuaji, Bob Smith. Wewe pia umetafuta mlevi mwingine, lakini Wilson alianza kwa kukiri kwamba yeye ni mmoja.

Piga 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni ya bure. Waulize vikundi vilivyo karibu nawe, na uulize kama mkutano ni wa wazi, ambao hata jamaa huingia, au ni wa wanaotaka kuacha pekee. Usishangae ukielekezwa kwenye ukumbi wa kanisa. Unaogopa kukutana na mzazi wa mwanafunzi wako? Atakuwa amefuata lilelile ulilolifuata. Ukishindwa kabisa, ipo mikutano ya kwenye intaneti. Anza na hiyo, mlango umefungwa, lakini usiishie hapo.

Hata hivyo, kabla ya kikundi kuna daktari. Mikono inayotetemeka asubuhi na kutulia ukionja si mawazo, mwanangu, ni mwili unaodai pombe yake. Huko kuonja asubuhi ndiko vijana wanakuita kutoa loki. Mwili uliozoea hivyo ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na degedege, na watu hufa. Usijifungie chumbani eti umeacha leo. Nenda hospitali kuu ya kaunti kesho asubuhi, usiende peke yako, na utaje kiasi cha kweli unachokunywa. Usitaje nusu yake kama ulivyoniandikia mimi. Ukianza kutapika, kuona vitu visivyokuwepo au kuchanganyikiwa kabla ya kesho, usingoje kupambazuke.

Mumeo naye, akipiga 1192, aulizie Al-Anon, kikundi cha jamaa za wanywaji. Amebeba mengi, na bia yake ya Jumamosi tutaijadili siku yeye atakaponiandikia.

Kadi mwachie kwanza. Na leo jioni nenda jikoni, umwambie mama mkwe kuna chupa gani ambayo mwanawe hajaihesabu, na umeiweka wapi. Ipo.