Mafua hayakumpa mwanangu kisukari

Wiki mbili kabla ya binti yangu kulazwa, aliugua mafua. Mafua ya kawaida tu, ya pua na kikohozi, yakaisha yenyewe. Kiu ndiyo haikuisha. Usiku aliamka mara tatu, akapapasa gizani hadi jikoni, nami kitandani nikasikia gilasi ikigonga bomba. Halafu akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka saba. Nilimgombeza. Katika yote yaliyotupata, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alipoanza kuhema kwa nguvu tukampeleka hospitali. Tukaambiwa ni kifua, tukapewa dawa, tukarudi nyumbani. Kesho yake amelegea, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza. Hospitali ya pili nesi akamchoma kidole na kuweka tone la damu kwenye kipimo. Namba haikutokea. Zilitokea herufi mbili, HI, maana yake sukari imepanda kupita uwezo wa kipimo kusoma. Tangu hapo kila mzazi ninayekutana naye namwambia: mtoto akinywa maji kupita kiasi, akakojoa sana na kukonda, usiondoke kwa daktari kabla hajachomwa kidole. Ni dakika moja tu.

Hatari ilipopita, tukaanza kumtafuta mchawi. Bibi yake mzaa baba akasema, kwao hakuna kisukari. Mama yangu akajibu, hata kwetu hakuna. Mimi niliyashikilia yale mafua. Nani alimwambukiza? Kwa nini nilimruhusu kucheza na yule mtoto anayekohoa?

Aliyenitoa huko ni daktari wa watoto. Kisukari cha aina ya kwanza, alisema, ni kazi ya mfumo wa kinga uliogeuka na kushambulia seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Vita hivyo huacha alama kwenye damu, yaani kingamwili dhidi ya insulini yenyewe au dhidi ya protini kama GAD, na kwa kawaida alama hizo hutangulia dalili kwa miezi, mara nyingi kwa miaka. Kwa hiyo mafua yale yalikuta nyumba imeshaliwa na mchwa. Mwili unaopambana na maambukizi huhitaji insulini zaidi, na binti yangu hakuwa na akiba. Mafua yaliufichua ugonjwa, hayakuuanzisha.

Na ubishi wa mabibi? Wote wawili walikuwa wakweli. Karibu watoto 9 kati ya 10 wanaogundulika na ugonjwa huu hawana ndugu wa karibu aliye nao. Kinachorithiwa ni uwezekano tu. Sehemu kubwa yake, kama nusu, imo kwenye jeni za HLA katika kromosomu ya 6, zinazoamua jinsi kinga inavyoonyeshwa vipande vya protini ili itambue adui. Aina ziitwazo DR3 na DR4 huongeza hatari, lakini wengi walio nazo huzeeka bila kuugua. Pacha wa kufanana ndio mfano ulionituliza: jeni ni zilezile, na bado mmoja anaweza kuugua, mwenzake asiugue. Hivyo mtoto anaweza kupokea kidogo kwa baba na kidogo kwa mama, na pande zote mbili zikawa hazina mgonjwa.

Virusi navyo vimo, ila si mafua yoyote yale. Vinavyoshukiwa zaidi ni enterovirusi, hasa kundi la Coxsackie B, ambavyo hupenda tumbo na vina uwezo wa kuingia kwenye seli beta. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walichapisha habari za mtoto wa miaka 10 aliyefariki muda mfupi baada ya kupata kisukari. Kwenye kongosho lake walikuta virusi vya aina hiyo. Baadaye ukaja utafiti mkubwa wa TEDDY, uliofuatilia watoto wa Marekani, Finland, Sweden na Ujerumani tangu uchanga huku ukikusanya vinyesi vyao. Matokeo ya 2019 yalionyesha kwamba shambulio la kinga lilihusiana na maambukizi yaliyokawia, virusi vilevile vikionekana kwenye kinyesi kwa zaidi ya mwezi.

Linalonishangaza zaidi ni jeni moja iitwayo IFIH1. Kazi yake ni ulinzi: inatengeneza protini inayonusa virusi vya kundi hilo ndani ya seli na kupiga kelele. Mwaka 2009 iligundulika kwamba watu wachache ambao mlinzi wao ana kasoro wana hatari ndogo ya kisukari hiki. Mlinzi mzembe anakuepusha! Ndipo nilipoelewa kwa nini jeni na virusi huwezi kuvitenganisha: wakati mwingine madhara yanatokana na kelele za kumfukuza mwizi kuliko mwizi mwenyewe.

Usije ukaacha chanjo kwa sababu ya habari hizi. Tafiti kubwa hazijaona chanjo zikileta kisukari. Rubela ndiyo iliyojulikana kuwaacha watoto walioambukizwa tumboni wakiwa katika hatari kubwa zaidi ya kisukari, na rubela inazuiwa kwa chanjo.

Ukiwa na watoto wengine, ulizia kipimo cha kingamwili. Ndugu wa mgonjwa ana hatari ya takriban 5 kati ya 100. Akikutwa na kingamwili za aina mbili au zaidi, uwezekano wa kuugua ndani ya miaka 10 ni kama 70 kati ya 100, na hapo angalau mtajipanga asifike hospitali akiwa hoi. Ipo pia dawa ya kuchelewesha dalili, teplizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022.

Jambo jingine: wiki chache baada ya kuanza sindano, mahitaji ya insulini ya binti yangu yalishuka ghafla. Watu wakasema amepona. Hakupona, seli beta chache zilizobaki zilipata nafuu kwa muda. Usiache insulini hapo, wala siku ambayo mtoto anatapika na kukataa kula. Siku hiyo pima sukari na ketoni, asidi zinazojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini, mara nyingi zaidi, na mpigie daktari mapema.

Mdogo wake tulimpima, hana kingamwili hata moja. Juzi usiku nikasikia tena gilasi ikigonga bomba. Nilifika jikoni na kipimo mkononi. Alikuwa yule mdogo. Sukari 5.4, ya kawaida. Alikuwa na kiu tu.