Simu moja kwa wanafunzi 60

Wiki hii mmeuliza: mwalimu wa Kiingereza mwenye simu moja na darasa lililojaa, teknolojia imsaidie wapi hasa? Jibu langu ni kwenye sauti. Kuhangaika na projekta ili uonyeshe jedwali la nyakati ambalo chaki ingeliandika kwa dakika tano ni kupoteza kipindi, na umeme ukikatika ndiyo basi tena. Ubao unaweza mengi, lakini hausemi. Mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyesoma msingi kwa Kiswahili anakutana na Kiingereza katika karibu masomo yote kwa mpigo, huku sikio lake limezoea irabu tano. Kwake "live" na "leave" ni neno moja. "Cat", "cut" na "cart" zote zinaangukia kwenye "a" ileile. Tofauti asiyoisikia hawezi kuitamka, na sikio halifunguki kwa kusomewa kanuni.

Anza na rekodi fupi. Sekunde 90 zinatosha, kwa kasi ya maneno 120 kwa dakika, yaani kifungu cha maneno kama 180. Ukirekodi mwenyewe, ingia chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, maana kuta tupu za darasa hurudisha mwangwi. Shika simu umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo. Ukiielekeza mbele ya midomo, kila "p" na "b" itapiga maikrofoni kwa pumzi na neno litapasuka. Hifadhi kwa MP3, mono (njia moja ya sauti), kilobiti 64 kwa sekunde: dakika moja inachukua takriban kilobaiti 480, hivyo rekodi nzima haifiki megabaiti moja na kumtumia mwalimu mwenzako hakumalizi bando.

Ukiwa na kompyuta, programu ya bure ya Audacity inatosha kukata na kusafisha. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanataka sauti iende polepole, wanachagua "Change Speed" (kwenye matoleo mapya "Change Speed and Pitch"), na msomaji anageuka mtu mwenye sauti nzito ya ajabu. Chagua "Change Tempo", ambayo hupunguza mwendo bila kuifanya sauti kuwa nzito. Hata hivyo usishuke chini ya asilimia 85 ya kasi ya awali. Silabi dhaifu za Kiingereza zikivutwa sana, mwanafunzi anajifunza mdundo ambao hakuna mtu anayeuzungumza. Naona ni bora mara mia kuacha kasi ilivyo na kuongeza ukimya wa sekunde nne baada ya kila sentensi. Sauti ya Amerika ilipoanzisha matangazo yake ya Kiingereza chepesi mwaka 1959, ilitumia msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na usomaji wa kasi ya karibu theluthi mbili ya kawaida. Kwa mwalimu wa leo, somo kubwa hapo ni zile sentensi fupi.

Spika nayo ina mambo yake. Ukiiweka juu ya meza ya mwalimu na kuifungulia hadi mwisho, wa mbele wanaumia masikio na wa nyuma wanapata mwangwi wa bati na sakafu ya saruji. Ipeleke katikati ya darasa, juu ya dawati, usawa wa vichwa vya waliokaa, kwa sauti ya wastani. Punguza besi. Sauti za "s", "f" na "th" ziko kwenye masafa ya juu, na besi ikijaa au spika ikifunikwa kitambaa, hizo ndizo zinazopotea kwanza. Ndiyo maana kwenye simu ya kawaida, ambayo hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, "f" na "s" huchanganyikana. Washa hali ya ndege kisha Bluetooth, ili simu isiite katikati ya zoezi. Ukipata waya, tumia waya. Mvua ikinyesha kwenye bati, ahirisha kusikiliza siku hiyo.

Zoezi lenyewe lina kusikiliza mara tatu. Kabla ya mara ya kwanza andika ubaoni swali moja la jumla, tuseme: nani anasafiri, na kwa nini? Kabla ya mara ya pili andika kifungu chenye nafasi nane za kujaza, na kati ya nafasi moja na nyingine pawe na maneno sita au zaidi. Zikikaribiana, mtoto bado anaandika jibu la kwanza wakati la pili linapita, na utadhani hajui Kiingereza kumbe mkono ndio umechelewa. Mara ya tatu wasikilize huku wakifuata maandishi kamili, wakigonga dawati taratibu kwenye silabi yenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana "comfortable" hutoka mkazo ukiwa kwenye "ta" wakati Kiingereza kinauweka kwenye "com".

Kwa matamshi, kifaa kinachopuuzwa ni kuandika kwa sauti, ile maikrofoni ndogo kwenye kibodi ya simu. Kwenye orodha ya lugha za Google kuna Kiingereza cha Kenya na cha Tanzania, kwa hiyo weka hicho kwanza. Mwanafunzi anasema, skrini inaandika ilichosikia. Tatizo ni kwamba programu hubahatisha kwa kufuata muktadha. Mtoto akisema "I leave in Mwanza", itaandika "live" kwa sababu sentensi inadai hivyo, na kosa linapita na pongezi juu. Mpe sentensi ambayo maneno yote mawili yanaingia: "My uncle bought a ship", "My uncle bought a sheep". Meli inawezekana, kondoo anawezekana. Asome kila moja mara tatu, mwenzake atazame skrini na kuhesabu. Akipata "sheep" mara zote sita, tatizo limejulikana: "i" fupi haijapatikana. Jina la mtu au kijiji usiliweke kwenye sentensi za majaribio, maana programu hulivuruga na kuvuruga yaliyo jirani nalo.

Kurekodi wanafunzi kunawezekana hata kwa simu moja, ila usirekodi mmoja mmoja. Watu 60 kwa dakika moja ni saa nzima ya kusikiliza, na mwalimu mwenye madarasa manne ataacha wiki ya pili. Gawa makundi 12 ya watu watano, kila kundi sekunde 30, basi kazi yote ni dakika sita. Kundi likae nje ya mlango, lirekodi, lisikilize, lirekodi tena mara moja tu. Rekodi ya pili ndiyo ya kuwasilisha. Uzito wote uko hapo, maana mtoto akijisikia anaokota mwenyewe irabu alizozipachika ndani na mwishoni mwa "milk" ikawa "miliki". Faili zipe majina ya mpangilio, kama F1B-K07-wiki3 (Kidato cha Kwanza B, kundi la 7, wiki ya 3), la sivyo mwezi ukiisha hutajua ya nani ni ipi.

Programu za kutafsiri zitumike kwa uangalifu, hasa kwenye viwakilishi. Kiswahili hakitofautishi "he" na "she", hivyo sentensi "Anafundisha Mwanza" ikiingizwa peke yake programu inabahatisha, na mwanafunzi ananakili bila kujua.

Sauti za watoto zisiende kwenye stetasi wala makundi ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Waarifu wazazi mapema, pata ridhaa yao, hifadhi rekodi kwenye memori kadi ya kazi hiyo tu, na muhula ukifungwa zifute.