Kutoa magogo shambani kwa trekta la kulimia bila kununua mitambo ya gharama

Ndugu mleta mada, umesema una ekari chache za misindano (paini) Mufindi na trekta la Massey Ferguson 375 unalolimia mahindi. Magogo yako, mengine yakiwa bondeni, yapo mita kama mia tatu kutoka barabara ambayo fuso inafika, na muuzaji amekushauri ununue tela lenye mkono wa haidroliki wa kupakia magogo. Jibu langu ni usinunue, walau si kabla ya kujaribu haya nitakayoyaeleza, kwa sababu tela la namna hiyo ni chombo cha mtu anayetoa magogo mwaka mzima, na mkulima anayevuna shamba lake mara moja katika miaka kumi na tano au zaidi hawezi kuirudisha fedha ile. Nimekuwa nikitoa magogo yangu na ya majirani, huku Mufindi na upande wa Njombe, kwa trekta la kawaida la magurudumu mawili ya kuvuta, na vifaa vyangu vingi vinaenea kwenye gunia moja.

Anza na uzito, maana ndio unaoamua kila kitu. Gogo bichi la msindano la futi 12 lenye kipenyo cha sentimita 30 katikati lina uzito wa robo tani hivi, na kipenyo kikifika sentimita 40 unakaribia nusu tani. Gogo la mlingoti (mkaratusi) la ukubwa huohuo huwa zito zaidi. Trekta lako la nguvu farasi 75 lina uwezo wa kuburuza magogo matatu au manne ya kawaida kwa pamoja bila kuhangaika. Kinacholisumbua ni ncha ya gogo iliyolala chini, ambayo huchimba udongo, hugonga visiki na kusukuma tope mbele yake mpaka magurudumu yanaanza kuzunguka bure. Ukiinua ncha hiyo sentimita thelathini tu kutoka ardhini, sehemu ya uzito wa gogo inahamia kwenye magurudumu ya nyuma ya trekta, kwa hiyo mzigo unaoburuzwa unapungua wakati huohuo magurudumu yanapata mshiko zaidi. Kuna faida nyingine ambayo wengi huiona wakishafika kwenye dingidongi, yaani mashine ndogo ya kupasulia mbao: gogo lililoburuzwa lote chini huja na mchanga na vijiwe ndani ya maganda, na mwenye mashine atakulalamikia kwa haki kwamba unamlia meno ya msumeno.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye minyororo. Nunua mnyororo wa kunyanyulia mizigo, uliopigwa alama ya daraja la 80, wenye unene wa milimita 8, ambao uzito wake halali wa kazi ni tani 2, na uukate vipande vya mita mbili na nusu kila kimoja, upande mmoja ukiwa na ndoano inayoteleza na mwingine ukiwa na pete. Mnyororo wa kufungia geti au ng'ombe usiutumie, hata kama kwa macho unaonekana mnene, kwa kuwa hakuna ajuaye utakatika lini, na unapokatika ukiwa umevutwa hurudi kwa kasi upande wa dereva.

Namna ya kufunga ina maana kuliko watu wanavyodhani. Funga upande wa shina, yaani upande mnene, kama nusu mita kutoka mwisho wa gogo. Mnyororo uliofungwa upande mwembamba huteleza kuelekea nchani na kuchomoka, kwa sababu gogo linazidi kuwa jembamba kule unakovutwa, lakini uliofungwa upande wa shina unapovutwa huelekea kwenye unene na kujikaza wenyewe. Ili kupitisha mnyororo chini ya gogo bila kuchimba kwa mikono, mwambie mwenye chenso (msumeno wa injini) aangushe mti juu ya kipande cha mti kilichotangulizwa chini, na pale asipofanya hivyo tumia mtarimbo kuinua kidogo na waya mgumu uliopindwa ncha kuvutia mnyororo upande wa pili. Ndoano iache pembeni kwa chini, isikae juu: gogo likikutana na kisiki, mnyororo ulioshika pembeni hulizungusha gogo na kulipitisha, ilhali ulioshika juu hulisimamisha palepale. Vilevile mwenye chenso anaweza kuchonga ukingo wa ncha ya shina uwe mviringo kidogo, kazi ya dakika mbili ambayo hupunguza kuchimba kwa kiasi kikubwa. Boneti ya gari bovu iliyotobolewa tundu la mnyororo na kuwekwa chini ya ncha kama sahani hufanya kazi ileile kwenye udongo laini, na mafundi wa gereji huiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Sasa suala la wapi utafungia kwenye trekta, na hapa naomba usome taratibu. Weka chuma cha kukokotea kinacholala kati ya mikono miwili ya chini ya haidroliki, kile chenye matundu mengi ambacho huenda ulikipata pamoja na trekta lako, kisha mwambie fundi wa kuchomelea aongeze vipande viwili vya bamba vyenye mkato mwembamba ambao pingili ya mnyororo inaingia na kushika. Unarudi nyuma hadi karibu na gogo, mikono ikiwa chini, unaingiza pingili kwenye mkato ukiacha mnyororo mfupi iwezekanavyo, kisha unainua. Kamwe usifungie kwenye mkono wa juu wa haidroliki, wala kwenye ekseli, wala mahali popote palipo juu ya kitovu cha magurudumu ya nyuma. Gogo likinasa kwenye kisiki huku mnyororo umefungwa juu, magurudumu yanaendelea kuzunguka na mwili wa trekta unapanda nao, pua inainuka na trekta linamgeukia dereva kwa muda unaopungua sekunde mbili, muda ambao hautoshi mtu kukanyaga klachi. Kwa sababu hiyohiyo usiinue mikono mpaka juu kabisa, inua kiasi cha ncha kutoka ardhini basi, weka vyuma vya uzito mbele, na ukiona magurudumu ya mbele yameanza kuwa mepesi na usukani hauitiki, punguza gogo moja. Trekta lisilo na fremu ya kumkinga dereva silipendi kabisa katika kazi hii, na kama lako halina, fremu itangulie hata minyororo.

Umeandika kwamba sehemu ya magogo iko kwenye bonde ambalo trekta haliwezi kushuka. Hapo ndipo watu hufikiria winchi inayozungushwa na shafti ya PTO, yaani ile ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini, ambayo kwa kweli ni chombo kizuri, na kama mko majirani watano au sita wenye mashamba ya kuvunwa miaka inayofuatana ningewashauri mchangie moja. Kwa mtu mmoja, waya wa chuma wa mita sitini na kapi (gurudumu la kupitishia waya) linalofunguka ubavuni vinatosha. Trekta linabaki juu, kwenye njia yake ya kuburuzia. Kapi linafungwa kwa mkanda mpana chini kabisa ya mti ulio hai au kisiki kibichi ukingoni mwa njia hiyo. Waya unatoka kwenye trekta, unapita kwenye kapi na kushuka hadi kwenye gogo. Dereva anaendesha taratibu njiani kwenye tambarare, na gogo linapanda bonde. Zingatia kwamba waya ukikunjwa kwa pembe mraba, kisiki kinabeba karibu mara moja na nusu ya nguvu inayovuta gogo, na ukigeuzwa kabisa kinabeba mara mbili, kwa hiyo kisiki cha zamani cha msindano ambacho kimeshaanza kuoza usikiamini. Hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama ndani ya kona ya waya, wala kuuruka ukiwa umekazwa. Utingo asimame nyuma ya mti mahali anapoonana na dereva, na ishara za mikono zikubaliwe kabla, kwa maana sauti ya injini humeza kila neno.

Ukiwa na magogo mengi na njia ndefu kama hiyo yako ya mita mia tatu, tengeneza upinde wa magurudumu mawili. Tafuta ekseli ya nyuma ya pikapu iliyochakaa pamoja na tairi zake, juu yake fundi achomelee upinde wa bomba nene ambao gogo linapita chini yake, na mbele atoe mkono mrefu wa kuunganishia trekta. Uzuri wake ni kwamba unajiinulia wenyewe: unausimamisha mkono wima, upinde unainamia nyuma na kushuka karibu na gogo, unafunga mnyororo mfupi, kisha unaushusha mkono hadi kwenye trekta na upinde unasimama ukiwa umeinua ncha. Magogo hayakwaruzi njia, mafuta yanapungua, na jirani asiye na trekta anaweza kuufunga nyuma ya maksai. Maksai wenyewe usiwadharau. Kwa magogo membamba ya kupunguzia shamba na umbali usiozidi mita mia moja au mia mbili, jozi iliyozoea kazi hupita katikati ya miti bila kuichubua, jambo ambalo trekta haliwezi.

Kupakia kwenye tela lako la kawaida la shambani hakuhitaji mkono wa haidroliki. Ondoa mbao za pembeni, simika nguzo nne za chuma kwenye mifuko yake, mbili za upande wa kupakilia zikiwa za kuchomoka, kisha egemeza boriti mbili imara zenye urefu wa zaidi ya mita tatu kama ngazi. Funga kamba mbili kwenye ukingo wa tela, zishushe zipite chini ya gogo, zizunguke juu yake na kurudi juu ya tela hadi upande wa pili, ambako watu wanavuta. Gogo linabingirika lenyewe kupanda, na kwa kuwa kamba imelizunguka, nguvu inayohitajika ni nusu ya ile ya kulisukuma. Gogo la robo tani hupandishwa na watu watatu wakiwa wanazungumza. Trekta liwe limefungwa breki, tairi za tela ziwekewe mawe, na mtu yeyote asisimame upande wa chini wa gogo hata kwa lengo la kusaidia kusukuma.

Kuhusu msimu, subiri kifuku (majira ya mvua) kiishe. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kuanzia Novemba hadi Aprili, na ukungu wa asubuhi huufanya uso wa njia kuwa na utelezi hata mwezi wa sita, kwa hiyo mimi huanza kazi jua likishapanda kidogo, kati ya Julai na Oktoba. Njia ishuke au ipande moja kwa moja, isikate mteremko ubavuni. Wakati wa kushuka unganisha pedali mbili za breki, tumia gia ya chini, na ukihisi magogo yanalisukuma trekta shusha mikono ya haidroliki, ncha zitachimba na kuwa breki. Mteremko unaoshuka zaidi ya mita mbili kwa kila mita kumi siuburuzii kwa trekta la magurudumu mawili ya kuvuta. Hapo natumia kapi tu.

Pima mteremko wa bonde lako kwa kamba na kipande cha ubao, na utazame kama kwenye ukingo wa njia iliyo juu yake kuna mti hai wa kufungia kapi. Ukiviweka vipimo hivyo hapa pamoja na upana kati ya tairi za ekseli utakayoipata, nitakuandikia urefu wa mkono na kimo cha upinde ili umpelekee fundi wako.