Maswali ya Wasomaji: Kijana wa Raga, Vyuma na Chakula cha Nyumbani

SWALI: Mwanangu ana miaka 15, anasoma kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa Moshi, na ana uzito wa kilo 52. Tangu mwaka jana anacheza raga na hataki kusikia habari za mchezo mwingine. Kwa kuwa wenzake wengi wana miili mikubwa kuliko yeye, ameanza kwenda jimu ya mtaani kunyanyua vyuma, vile vya makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Baba yake anasema vyuma vitamdumaza. Anayewafundisha pale jimu naye anamwambia kwamba bila unga wa protini wa kopo anajichosha bure, na bei ya kopo hilo inatosha kulisha nyumba nzima kwa siku nyingi. Nimsikilize nani, na nimpikie nini?
Mama msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Mama, nianze na hofu ya baba, kwa sababu ndiyo ninayoisikia zaidi kutoka kwa wazazi wa Kilimanjaro na Arusha, na kwa sababu isipojibiwa vizuri kijana ataendelea kunyanyua kwa kujificha, jambo ambalo ni la hatari kuliko vyuma vyenyewe. Mtoto hurefuka kwenye sehemu laini zilizo karibu na ncha za mifupa mirefu, na kwa kijana wa miaka 15 sehemu hizo kwa kawaida hazijakomaa. Ni kweli kwamba zikiumia vibaya mfupa unaweza kukua vibaya. Hata hivyo, mazoezi ya nguvu yanayofanywa kwa usahihi, mbele ya mtu anayejua, hayajaonekana kuzuia kimo. Huo ndio msimamo wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, na ndio msimamo wa wataalamu wa mataifa mbalimbali waliotoa tamko la pamoja mwaka 2014. Tena baba azingatie kwamba kijana akikimbia au akitua baada ya kuruka, miguu yake hupokea nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, na raga huongeza hapo kukabwa, kuangushwa na kusukumana. Kumzuia asijenge nguvu huku akiendelea kucheza ni kumpeleka uwanjani bila kinga.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni jinsi anavyonyanyua. Makopo ya zege hayalingani uzito hata yakionekana sawa kwa macho, hivyo upande mmoja wa mwili hubeba zaidi, na mara nyingi hakuna wa kumpokea chuma kikimwelemea kifuani. Hatari nyingine ni mashindano: vijana wakikutana jimu, kila mmoja hutaka kuonyesha kilo nyingi kuliko mwenzake. Majeraha ya vijana kwenye vyuma hutokana zaidi na mzigo uliozidi, mkao mbaya na kukosa msimamizi. Kwa hiyo mwombe kocha wake wa raga amsimamie, au mtafutie mtu mzima anayeweza kumwonyesha mkao na kumwambia "acha" pale mgongo unapoanza kupinda.

Kwa miezi miwili au mitatu ya kwanza, uzito wa mwili wake mwenyewe unamtosha kabisa. Achuchumae na kuinuka huku visigino vikiwa chini, apige pushapu, ajivute kwenye mtambaa wa goli, apige hatua ndefu za kushuka na goti, na ajishikilie kwa viwiko na vidole vya miguu huku mwili umenyooka. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, zisifuatane, na zisiwekwe siku ya kuamkia mechi. Seti mbili za marudio 8 hadi 15 kwa kila zoezi ni kazi ya kutosha. Mkao wa kuinua mzigo kutoka chini ajifunze kwa mpini wa jembe kabla hajagusa chuma, na akishaweza marudio 15 safi, bila kuyumba, ndipo aongezewe mzigo kwa asilimia 5 hadi 10 tu. Kupima kilo nyingi kabisa anazoweza kunyanyua mara moja kusubiri hadi mwili wake ukomae. Hakuna mechi inayoshindwa kwa kukosa kipimo hicho.

Shingo ninaitaja peke yake kwa sababu watu huisahau. Katika raga ya walio chini ya miaka 19, sheria hairuhusu timu kusukuma skramu, yaani pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapofungamana na kusukumana, zaidi ya mita 1.5, na sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya kulinda shingo na migongo ya vijana. Mwanao anaweza kuiimarisha bila kifaa chochote: aweke kiganja kwenye paji la uso, asukume kichwa mbele huku mkono ukizuia kisisogee, ahesabu hadi kumi, kisha arudie kwa kisogo na kwa kila upande. Asukume kwa nguvu ya wastani, taratibu, bila kutikisa kichwa.

Mwulize pia kocha kama anaijua Activate, programu ya kupasha mwili moto ya shirika la raga duniani, World Rugby, ambayo huchukua kama dakika 20 na haihitaji vifaa. Ilipojaribiwa kwa wavulana wa shule za Uingereza, timu zilizoifanya angalau mara tatu kwa wiki zilipunguza majeraha kwa asilimia 72 na mtikisiko wa ubongo kwa asilimia 59. Sijui dawa wala kopo linaloweza kumpa mchezaji wa shule faida ya namna hiyo, na hii haina gharama.

Jambo jingine ni kumpima kimo kila mwezi kwenye mwimo wa mlango. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka 13 hadi 15, na katika miezi hiyo mifupa hutangulia huku misuli na kano zikifuata nyuma, kwa hiyo kijana huonekana mzito wa miguu na hupoteza ustadi aliokuwa nao. Ukiona alama za mlangoni zinapanda haraka, mzigo upungue na mkao utiliwe mkazo. Akilalamika maumivu kwenye kifundo cha mfupa kilicho chini kidogo ya goti, yanayozidi akikimbia au akipiga magoti, mara nyingi ni mvutano wa kano kwenye mfupa unaokua. Apunguze kukimbia na kuruka, na yasipotulia apelekwe kwa daktari.

Sasa jikoni. Mchezaji wa umri wake anahitaji protini kiasi cha gramu 1.4 hadi 1.7 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo kwa kilo 52 ni kama gramu 73 hadi 88. Tuhesabu pamoja kwa vyakula vya hapo Moshi. Asubuhi mayai mawili yana gramu 12 hivi, na glasi ya maziwa yaliyochemshwa ina gramu 8. Mchana shuleni, kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15, na ugali wenyewe, ambao watu hudhani ni wanga mtupu, humpa gramu kama 10 sahani ikiwa ya kushiba. Akitoka mazoezini, glasi ya mtindi ni gramu 8 nyingine na gao la karanga ni gramu 7. Usiku, konzi ya dagaa wakavu wa gramu 30 ina gramu kama 16, na wali wa kulia nao unaongeza 5. Jumla inapita 80. Hapo kijana amefikisha kiwango chake bila kopo, na siku mtakayopika nyama dagaa watapumzika.

Lakini kosa ninaloliona zaidi kwa wachezaji wembamba ni kutokula chakula cha kutosha, hata kama protini imetimia. Mwili usiopata wanga wa kutosha huichoma protini kama kuni, na misuli haijengeki. Kijana anayesoma, anayetembea kwenda shule na kurudi, kisha akafanya mazoezi jioni, hawezi kunenepa misuli kwa chai ya rangi na andazi moja la asubuhi. Mpe uji wa ulezi uliotiwa maziwa na karanga za kusaga, viazi vitamu, na ndizi kwa namna zote mnazozijua: mtori ni chakula kizuri mno baada ya mazoezi kwa sababu una wanga na nyama katika bakuli moja, na kiburu, ndizi na maharage, hakihitaji hata nyama. Parachichi humwongezea nguvu bila kumjaza tumbo. Kama shule inatoa mlo mmoja tu, afungashiwe viazi au ndizi mbivu na karanga za kula saa moja au mbili kabla ya mazoezi, kwa maana mazoezi ya njaa humla badala ya kumjenga. Maji anywe siku nzima, hasa Januari na Februari Moshi inapochoma, na mkojo wake uwe na rangi hafifu. Mbege ya sherehe za nyumbani asipewe, hata ya kuonja, kwa kuwa pombe si ya umri wake na hupunguza kasi ya mwili kujenga misuli baada ya mazoezi. Akiongezeka kilo moja au mbili kwa mwezi, ni mwendo mzuri.

Kuhusu unga wa kopo, jibu langu ni hapana. Protini iliyomo, mara nyingi, imetokana na maziwa, ambayo unaweza kuyanunua kwa jirani mwenye ng'ombe. Tena baadhi ya bidhaa hizo zimewahi kukutwa na vitu visivyoandikwa kwenye kopo, vikiwemo vilivyopigwa marufuku michezoni, na mchezaji akipimwa yeye ndiye anayewajibika hata kama hakujua. Kreatini, unga mwingine unaouzwa kwa wanamichezo wa kuongeza nguvu, nayo madaktari wa watoto hawaishauri kwa walio chini ya miaka 18. Sindano na vidonge vya homoni vya kukuza misuli ni hatari zaidi: Afrika Kusini, wachezaji wa shule waliopimwa kwenye mashindano ya Craven Week wamekutwa navyo zaidi ya mara moja. Baba anayeogopa mtoto kudumaa aelekeze hofu yake huko, kwa sababu homoni hizo ndizo zinazoweza kufunga mapema sehemu za ukuaji wa mifupa. Mwanao akiwahi kutajiwa vitu hivyo pale jimu, mwondoe siku hiyo hiyo.

Usingizi wake uwe saa 8 hadi 10. Najua anaamka saa kumi na moja alfajiri na mtihani wa upimaji wa kidato cha pili unakuja. Kipindi hicho punguzeni siku za vyuma, msipunguze usingizi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 16 kutoka Sakina, Arusha, na ninacheza raga ya wachezaji saba. Siku hizi nachoka upesi na kuhema sana kuliko wenzangu. Kocha anasema niongeze mazoezi ya nguvu. Je, ni sawa?
Mchezaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mazoezi ya nguvu yanakufaa kama yanavyomfaa kijana wa Pasua, na maelekezo ni yale yale. Lakini kabla hujaongeza chochote, nenda zahanati ukapime wingi wa damu. Msichana wa umri wako anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, wakati mvulana anahitaji 11, kwa sababu wewe hupoteza damu kila mwezi. Kipimo kikionyesha chini ya gramu 12 kwa desilita, una upungufu wa damu, na hakuna mazoezi yatakayokuondolea uchovu huo.

Kula maini, nyama nyekundu au dagaa mara kwa mara, na maharage na mnafu ule pamoja na chungwa, limau au nyanya mbichi ili mwili uyapate madini yake. Chai usinywe pamoja na chakula. Ipishe saa moja kabla au baada, kwani majani yake huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Vidonge vya kuongeza damu umeze kwa kipimo cha mhudumu wa afya tu. Na kama hedhi yako ni nzito sana, au imekatika kwa miezi mitatu, mweleze mhudumu huyo siku hiyo hiyo ya kupima, na mwambie kocha asubiri majibu.