Magoti yakichoka, panda kigari

Nina miaka 71 na bado nacheza gofu. Miaka minne nyuma nilishaziweka fimbo zangu nyuma ya mlango. Goti la kulia lilikuwa likivimba kila nikitoka kiwanjani, usiku silali, na swala naiswali juu ya kiti. Daktari akasema gegedu imelika.

Mwanangu ndiye aliyenambia, "Baba, kwani kigari hukitaki?" Nilikasirika. Kwangu mimi kigari, kile kidogo cha kuwazungusha wachezaji kiwanjani, kilikuwa cha wageni wa hoteli, mchezaji hutembea.

Wazee wenzangu, fikra hiyo iacheni mapema. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Casey Martin, mchezaji mwenye maradhi ya mguu, aruhusiwe kupanda kigari katika mashindano ya PGA Tour, yale ya wachezaji wa kulipwa wa huko. Majaji waliona kiini cha gofu ni kuupiga mpira. Kutembea si kiini chake.

Sasa ushauri. Kiwanja chetu, upande wa Mangapwani, Unguja, kina mashimo 9. Mawili ya mwanzo natembea asubuhi, jua halijawa kali, mwenzangu akinifuata na kigari. Yanayobaki napanda. Ukipanda tangu mwanzo hadi mwisho, miguu nayo itasahau kazi yake.

Miezi ya mwanzo nilikosea jambo moja likaniumiza. Nilikuwa nakaa kitini mpaka mwili unapoa, kisha nashuka na kupiga kwa nguvu palepale. Kiuno kilinikamata wiki nzima. Siku hizi nikishuka nasimama kwanza, nazungusha mabega, napunga fimbo taratibu mara tatu, ndipo napiga.

Masika, majani yakilowa, kigari hubaki kwenye njia yake, majanini hakiingii. Hapo ndipo wengi tunapochoka: unaufuata mpira na fimbo moja, unaona siyo, unarudi kuchukua nyengine. Beba tatu kwa pamoja. Kwenye mteremko shuka moja kwa moja, usikate kwa ubavu, maana kigari hupinduka. Na mguu usiutoe nje kinapokwenda.

Maji chukueni. Kivuli cha kigari hudanganya, unadhani hutoki jasho.

Goti langu halijapona, na bado naswali kitini. Lakini Alhamisi asubuhi, mwenzangu akipiga honi nje, hunikuta nishavaa viatu.